Hudi ya Jerry

Gilgil,
29 Julai 2024

Kwa Nerima,

Habari ya huko Free Area? Kile kifua kimeachilia? Sisi tuko, tunasukuma siku. Magoti yananisumbua na hii baridi, lakini nani hana lake. Nakupigia simu tangu Alhamisi, inalia mpaka inachoka. Nikasema huyu nitamwandikia, barua niitie kwa gunia la viazi nipeleke steji. Viazi huwezi kuvikataa.

Jumamosi ya tarehe kumi tunagawa nguo za ndugu yako Jerry. Baba yako mdogo anatoka Kitale na wazee wawili. Unajua vile kwetu huenda: nguo zote zinatolewa nje, hata soksi, kila mtu aone, ndio wazee wagawe na msiba ufungwe. Sasa jana nimezitoa nizianike, na ile sweta ya kofia, mnayoiita hudi, haiko. Ile ya rangi ya matofali, yenye maandishi mgongoni, mkono wa kushoto una tundu alilochoma akiunga geti la kanisa. Si ndiyo amevaa kwenye picha tuliyoweka juu ya jeneza? Mazishi mazima waliiona. Haiwezi kupotea hivi hivi.

Ufunguo wa nyumba alikuwa nao mkewe, Cheruto. Nimemwuliza, akaangalia chini. Bado sijasema kitu. Lakini wewe ndiye ulikuwa ukipanga vitu mle ndani siku ya mazishi. Uliona nani akiingia?

Nijibu upesi, wazee hawangoji mtu.

Mamako


Free Area, Nakuru,
1 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo zangu nyingi. Pole na magoti, jifunge ile shuka nzito, usiiweke tu sandukuni eti ni ya wageni. Viazi vilifika vizuri, jirani nao wamekula. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile, kuuza rangi kwa duka la Gachanja, na nikirudi nyumbani nalala. Simu haina shida. Ni mimi sikuwa na maneno.

Kuhusu sweta, watu walikuwa wengi siku hiyo, Mama. Sikuangalia nani anaingia na nani anatoka.

Tena Jumamosi sitaweza kuja, usikasirike. Unakumbuka ile podikasti Jerry alikuwa anasikiza akichomelea, wale wawili wanaosimulia hadithi za Nakuru ya zamani? Wanaita mashabiki wote hapa mjini siku hiyo, kwenye ukumbi, mara ya kwanza. Watacheza ile sehemu yenye sauti ya Jerry, akieleza vile Babu alikuja na kazi ya reli akiwa na blanketi moja. Sauti yake, Mama, na ukumbi umejaa.

Kuna watakaokuja wamejipamba kama watu wa zile hadithi, na kofia za reli na taa za mkono. Lakini wengi wetu ni nguo ya kawaida tu: hudi ya podikasti, jeans, raba, basi. Mtu anakutambua kwa mgongo. Akikuita, "Umeketi?" unamjibu, "Nimeketi, leta." Ndivyo wale wawili huanza kila hadithi. Najua utasema ni mchezo wa watoto.

Msalimie Cheruto na mtoto wake Lynn.

Bintiyo


Gilgil,
5 Agosti 2024

Nerima,

Umeamkaje? Mimi silali vizuri, basi nisikudanganye kwamba niko sawa. Lynn ana mafua, nalala naye kwangu.

Mambo yameharibika. Baba yako mdogo amepiga simu. Nilipomwambia sweta haionekani, alisema hapo hapo kwamba imeenda Keringet kwa kina Cheruto, kwamba mwanamke ameshatafuta mwanamume mwingine wa kumvisha. Anasema ikifika Jumamosi haijatoka, Cheruto asipewe hata kitambaa, arudi kwao. Nikamwambia tungoje. Akaniuliza kama mimi ndiye nimekuwa mzee wa ukoo.

Jana baada ya kanisa nikamwuliza Cheruto mbele ya wamama wa jumuiya. Hiyo ilikuwa mbaya, najua, lakini nilikuwa nimechoka. Hakulia. Alisema tu, "Mama, hiyo sweta iko kwa mtu anayempenda Jerry." Nerima, nilisikia hasira ikipanda mpaka kichwani. Niliona ni jeuri. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mtoto alikuwa akisikia.

Usiku wa kuamkia leo nimesoma barua yako tena, polepole. Umesema "wengi wetu." Nakuuliza mara moja tu, na sitarudia. Huko kwenye mkutano, wewe utavaa nini?

Mamako


Nakuru,
9 Agosti 2024

Mama yangu,

Lynn amepata nafuu? Mpe maji ya ndimu na asali, alikuwa akiyapenda.

Barua yako ilifika Jumatatu jioni. Nimeandika hii mara nne nikararua.

Ni mimi, Mama. Hudi iko hapa kwangu, imening'inia mlangoni. Siku ya mazishi niliingia kutafuta mashuka ya wageni nikaikuta kwenye kiti, vile aliivua akienda hospitali. Nilikaa chini nikaiweka usoni nikalia. Kisha nikaikunja nikaitia kwa mkoba wangu. Nilipoinua macho, Cheruto alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Alirudi nyuma akavuta mlango ili watu wa nje wasinione. Tangu siku hiyo hajaniuliza, na mimi sijamwambia asante.

Nilidhani ni nguo tu, nani atauliza. Uliponiandikia nikaogopa. Uliponiandikia tena nikaona aibu, na bado nikanyamaza siku nne. Sijaifua. Bado ina harufu ya chuma kilichoungua. Ni moja ya zile thelathini za kwanza, alipewa kwa ajili ya hadithi ya Babu. Nataka niwe nimeivaa sauti yake ikitoka, hiyo siku moja tu. Wiki ijayo nikipata ruhusa kazini naileta mwenyewe na nitapiga magoti mbele ya Cheruto.

Sijapiga simu kwa sababu najua nikisikia sauti yako utaniambia niilete leo, na nitaileta. Barua naitia pamoja na sukari ya wageni, inatoka steji saa kumi. Itafika leo. Wasomee wazee kesho kabla hawajaketi. Waambie mwizi ni mimi.

Nisamehe.

Bintiyo


Gilgil,
12 Agosti 2024

Nerima,

Leo sikuulizi habari.

Ijumaa nyumba ilijaa wageni. Nilikuwa nachinja kuku, nawasha moto, natafuta mahali pa wazee kulala. Walinipigia kutoka steji kwamba kuna kifurushi, nikasema ni sukari, sukari ninayo, nitachukua Jumapili.

Jumamosi wakatoa nguo zote nje. Cheruto ndiye alikuwa amezifua na kuzipiga pasi, shati moja moja. Baba yako mdogo akauliza sweta ya kwenye picha iko wapi. Watu wote wakamgeukia Cheruto. Alinitazama mimi, Nerima. Alikuwa akingoja mtu mmoja tu wa nyumba hii amtetee, na mimi nikaangalia sufuria. Akaambiwa aende. Hakuomba shati, hakuomba hata koti. Aliomba ile karatasi ya mazishi yenye picha, eti Lynn akiuliza baba yake alikuwa vipi amwonyeshe. Akafunga mtoto mgongoni akaenda barabarani. Hakukutaja. Angesema neno moja angebaki.

Jana nikachukua kifurushi. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama hapo ofisini, mpaka yule mama wa tiketi akaniletea kiti.

Nimemwambia baba yako mdogo. Anasema sasa ni mambo ya wanawake. Sawa. Kesho wanawake wanaenda Keringet. Saa mbili asubuhi nitakuwa Nakuru, steji ya Molo. Usije umeikunja kwa mkoba vile uliibeba. Ivae. Vile ulivyoivaa mbele ya wale wenzako, ndivyo utakavyoingia kwa mama yake Cheruto, watu wote wa boma wakikuona, na utasema kwa mdomo wako ni nani aliichukua. Halafu utaivua umpe. Na mimi nitasema yangu, kwa sababu nina yangu.

Akikataa kurudi, hatutamlaumu. Usipokuja, nitaenda peke yangu.

Mamako


Ujumbe wa simu,
13 Agosti 2024, saa 1:40 asubuhi

Mama, umeamkaje, umevaa kitu kizito? Niko steji ya Molo tangu saa moja. Nimeivaa. Kuna mtu wa tiketi ameona mgongo wangu akaniita kwa furaha, "Umeketi?" Nimesimama hapa, nakungoja. Bintiyo.