Mjomba Hajui Alama Zake Zinaanguka

Mpendwa Shangazi wa gazeti, nipe sikio lako, maana nimebeba jambo moyoni na jingine tumboni, na yote mawili yamefika wakati wa kutoka.

Mimi ni mpangaji wa kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, tunachapa zile karatasi nyembamba zinazokunjwa ndani ya boksi la dawa, na aliyenifundisha kazi ni mjomba wangu, aliyenilea tangu mama afariki, ambaye kazini wote humwita Mzee Nukta kwa sababu nukta ikikaa vibaya yeye huiona akiwa bado mlangoni, au niseme alikuwa akiiona, Shangazi, kwa sababu siku hizi macho yamechoka na habari ya miwani mipya hataki kuisikia. Sasa ile alama ya mikro, ile u yenye mkia, mjomba huitengeneza kwa njia ya zamani, anapiga m ya kawaida halafu anaivisha fonti ya alama, inageuka, inapendeza, lakini mteja akitaka fonti nyingine mjomba anakamata ukurasa mzima anaubadilisha kwa mkupuo, na zile alama zinavuliwa vazi lake na kurudi kuwa m, yaani mikrogramu zinakuwa miligramu, dozi mara elfu moja zaidi, kwenye dawa ya matone ya watoto wachanga! Alama ya digrii ikikosekana huacha kisanduku kitupu, kila mtu anakiona, lakini m inakaa pale imetulia kama mwenye nyumba.

Akienda kunywa chai mimi hubaki nyuma nikazirekebisha, kisha yeye hutia saini, na mjomba akishatia saini hapa kwetu hakuna anayeuliza, mashine inawashwa. Juzi alinipigapiga begani akasema, "Nenda ukajifungue kwa amani, mama, kazi hii naimudu," nikatabasamu, nikaenda kulia stoo. Wiki ijayo naanza likizo ya uzazi, na karatasi ya ile dawa ya matone inachapwa upya kwa fonti mpya nikiwa sipo. Nikisema namvunjia heshima mtu aliyenilisha, nikinyamaza watoto wa watu watapewa nini? Nifanyeje?

Mpwa mwenye hofu

*

Mwanangu, pole. Futa machozi kwanza, halafu nikugombeze. Jina la utani la mjomba wako nimelibadilisha, usihofu.

Unampenda, hilo nimelisoma kila mstari. Lakini mapenzi gani haya ya kupita nyuma ya mtu mzima na kitambaa, kama anayemfuata mtoto anayemwaga uji? Yeye anaamini njia yake haina kasoro kwa sababu kila siku ukurasa unatoka safi, na anayeusafisha ni wewe. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na wewe ndiye wa kuzaa leo au kesho!

Tena si macho peke yake. Hata kwa mwenye macho mazima, m ni m; njia yenyewe imezeeka. Anzia hapo. Chapa mstari wa dozi kwa fonti ya zamani na kwa fonti mpya, herufi kubwa, umwekee dirishani mchana, useme, "Mjomba, hebu nisomee dozi." Kisha funga mdomo. Ataona mwenyewe, na mtu wa namna yake hahitaji kuambiwa mara mbili.

Baada ya hapo muulize, "Tufanyeje?" Aanze kutumia alama halisi ya mikro iliyomo ndani ya fonti, si m iliyovishwa. Mumwombe mteja akubali neno "mikrogramu" liandikwe kwa kirefu. Na fonti ikibadilishwa, watu wawili wasomeane dozi kwa sauti kutoka karatasi ya mteja, mmoja wao akiwa mjomba. Miwani nayo, msindikize wewe na tumbo lako hilo, tuone kama atakukatalia.

Huenda akakuuliza umeanza lini kumrekebisha. Sema kweli. Akikasirika, vumilia. Akilia, kaa naye, umwambie unampenda, maana nahisi hujawahi kumwambia. Lakini mpaka amalize kusoma dozi zote upya, mashine isiwashwe.