Kulwa, Nafasi Ilikuwa Moja

Kulwa,

Shikamoo. Usicheke. Miaka yote uliidai hiyo shikamoo eti kwa sababu ulinitangulia kutoka tumboni kwa dakika chache, nami nikakunyima kwa ukaidi tu. Leo nakupa, na wewe huwezi tena kuitikia.

Nakuandikia kwa sababu walinikataza kulia. Siku ya msiba Bibi alipofika kutoka Bujora alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akaniambia pacha aliyebaki halii, maana akilia anamwita mwenzake arudi. Nikatii. Mkolani nzima ililia, hata yule jirani uliyempa jina la Redio, mimi nikakaa mkekani na macho makavu. Mama alinunua kanga doti moja. Kipande kimoja ulizikwa nacho, kingine nikavaa mimi. Watu wakasema Doto ana moyo wa jiwe. Nikawaacha waseme.

Habari za huku si nyingi. Mama amerudi sokoni Mwaloni kwenye dagaa wake. Bado ananunua vitu viwiliviwili. Juzi kaja na ndala jozi mbili, saizi moja, akazitazama, kisha akaingia ndani. Wateja wanaulizia pakiti zako za dagaa wa kukaanga. Nimejaribu kukaanga mimi, wa kwanza wakaungua, wa pili pilipili ikawa nyingi mno hata Redio akanyamaza.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za pilipili.

Unakumbuka siku dada wa mradi alipokutana na wazazi ofisi ya kata? Aliposema kila utakachoweka akiba kwa masomo ya mtoto, wao wataongeza kingine kama hicho, akina mama wa dagaa walitazamana, wakadhani ni wale matapeli wa panda noti uvune mbili. Akaeleza masharti: uweke kila mwezi bila kuruka, miaka miwili, hela iende moja kwa moja chuoni, na kila kaya iandikishe mtoto mmoja. Mama akasimama. "Mimi nina mapacha. Kwetu pacha hapewi kitu mwenzake akabaki anatazama. Hawa andika ni mtoto mmoja." Ukumbi mzima ukacheka. Dada wa mradi naye akacheka, ila hakuandika wawili.

Mama alirudi nyumbani ameshaamua kuachana na mradi kabisa. Kuchagua kati ya mapacha, alisema, ni kujitafutia balaa. Wewe ndiye uliyembembeleza. "Mama, bora mmoja avuke kuliko wote tubaki ng'ambo hii." Akasema basi mchague wenyewe, mimi simo. Tukapanda kwenye mawe nyuma ya nyumba, ukaficha kokoto, nikachagua mkono wa kushoto. Kokoto ilikuwa kwenye wa kulia. Ukaandikishwa wewe, tukakubaliana ukimaliza na kupata kazi utanisomesha na mimi.

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni, dada yangu, sikukubali hata siku moja.

Ndipo ikaanza sado ya shule. Kila siku hela ya kopo la kwanza la dagaa litakalouzwa ni ya akiba, haiguswi, hata sabuni ikiisha. Mimi na Mama tukaanika dagaa juani, wewe ukabaki nyumbani kukaanga na kufunga pakiti, maana jua kali na baridi vyote viliyaamsha maumivu ya hiyo seli mundu yako. Nilikuwa nakuonea wivu wa kivuli. Fikiria, nikamwonea wivu mtu ambaye tangu utoto vidole vyake vimetobolewa kupimwa damu mpaka ncha zikawa ngumu. Ulikuwa hulii kwa sindano. Kilichokuudhi ni wale waliokuambia haitauma. "Waseme ukweli tu," ulikuwa unalalamika njia nzima ya kurudi. "Waseme itauma kidogo, nihesabu mpaka tatu, basi." Ndiyo maana ulitaka kusomea maabara. Mimi sikuwa na sababu yoyote ya kutaka maabara. Nilitaka kuwa ulipo.

Majibu ya chuo yalipotoka, tukachaguliwa wote wawili, kozi ileile. Jumamosi ile mvua ilininyeshea Mwaloni, dagaa wa siku nzima wakaloa, nikarudi nimechoka na nanuka. Nikakukuta mbele ya kioo umevaa koti jeupe la maabara alilokushonea fundi wa Mama. Ukageuka, ukaniuliza, "Nimependeza?"

Nikasema, "Hela yote hii tunamwekea mtu ambaye hata hatujui kama atafika mwaka wa pili."

Nimeyaandika hapa ili yasiendelee kukaa kifuani peke yake. Ulivua koti, ukalikunja taratibu, ukaniambia, "Doto, nenda kaoge, unanuka." Tukacheka wote. Nikadhani yameisha. Sikuomba radhi.

Wiki tano baadaye maumivu yakakushika ukiwa unafunga pakiti. Siku ya nne hospitalini, mchana, uliniuliza kama sado ya shule imetengwa. Nikakuambia imetengwa. Nilikudanganya, Kulwa. Wiki ile hakuna aliyekanyaga Mwaloni. Ukasema "vizuri", ukafumba macho, na hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu.

Baada ya matanga dada wa mradi akanipigia simu niende na cheti changu cha kuzaliwa. Nilijua anachotaka. Kanuni inaruhusu jina la mtoto kubadilishwa, akawekwa ndugu yake. Mara tatu nilikataa. Ningekaaje kwenye kiti nilichokunyima kwa mdomo wangu? Nikamwambia Mama achukue akiba yetu tuliyoweka, hiyo nyongeza yao wabaki nayo. Mama hakubishana. Alisema tu, "Nenda, mwanangu. Kakatae hukohuko."

Nikaenda. Nikasema niliyoyapanga yote, nimesimama. Dada wa mradi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili, akanigeuzia fomu. Jina lako limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake limeandikwa langu, kwa mwandiko wako. Sahihi yako pembeni, na dole gumba la Mama.

"Alikuja mwenyewe na mama yenu," akasema. "Jumatatu moja hivi, kabla hajaugua. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, 'Doto ndiye atakayefika mwaka wa pili.'"

Jumatatu. Kwa tarehe iliyo kwenye fomu, siku mbili baada ya koti.

Nililia, Kulwa. Nililia palepale ofisi ya kata, watu wa foleni ya vyeti wakitazama, na Bibi anisamehe. Mama alijua yote, ulimwapisha asiniambie mpaka siku ya kwenda chuo. Wiki zote zile ulifunga pakiti kwa ajili yangu, mimi nikidhani nakufanyia hisani. Ulifanya kwa hasira? Kwa mapenzi? Au mwili ulikuwa umeshakuambia, na mimi nikawa nimerudia tu kile ulichokijua? Nakuuliza, na ninajua sitajibiwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nisamehe. Nilitakiwa kusema Jumamosi ile, ukiwa bado umevaa koti.

Jumatatu ijayo naripoti chuoni. Koti linanienea. Ndani ya mfuko umedarizi K kwa uzi wa bluu, na hiyo sitaifumua. Sasa pumzika, dada. Sitakuita tena urudi. Nitafika mwaka wa pili, na nitavuka. Na atakapokaa mbele yangu mtoto wa kwanza wa kutobolewa kidole, sitamdanganya. Nitamwambia itauma kidogo, hesabu mpaka tatu, na ukitaka kulia, lia.

Pacha wako mdogo,
Doto