Miwani ya Baba Sesilia

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimezifuta fremu zangu za miwani, zote kumi na moja. Dawa ya meno, kitambaa cha pamba, maji kidogo kwenye kibakuli. Maji ni ya shida Newala nzima, lakini fremu haziwezi kungoja mvua. Ile ya kijani niliyoiokota mnadani Masasi bado ina mkwaruzo. Mama Zuhura kapita mlangoni, kanitazama, kasema wanaume wenzangu wanapalilia mikorosho. Mke wangu huyu haoni tofauti kati ya fremu ya zamani na ya kichina.

Kisha nimevaa suruali ya marinda, nimechana njia pembeni, nimefunga madumu mawili ya maji kwenye pikipiki. Chilangala, kwa Mama Sesilia. Kila Jumamosi, mwaka wa pili sasa.

Niandike ukweli, hapa sisomwi na mtu. Nilianza kumpelekea maji wiki ile ya arobaini ya mumewe, nilipoiona miwani ya marehemu juu ya kabati. Ya kahawia, ina mawimbi meusi, nzito, bawaba imara. Ya kabla ya uhuru. Huku kwetu hakuna ya pili. Sikuwa na huruma na mjane. Nilikuwa na hamu na miwani.

Leo ilikuwa palepale. Sikuigusa. Nangoja anipe kwa mkono wake.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefungua daftari la mwaka jana kujipa moyo. Maneno ya Mama Sesilia yapo, niliyanakili siku ileile: "Miwani ile, mwalimu, ni ya somo yake." Chini, kwa kalamu nyekundu, nimekata "yake" nikaandika "lake". Mkono umezoea. Mama lugha yake ni Kimakonde, Kiswahili kinamponyoka hapa na pale.

Maana iko wazi. Baba Sesilia alifundisha Kiswahili upande wa Chidya mpaka alipostaafu. Mimi nafundisha Kiswahili. Miwani ni ya somo lake. Yaani ni yangu. Alikuwa ananiambia kwa heshima, kwa kuzunguka, kama watu wazima wanavyosema.

Nimelala mchana vizuri sana.

Jumapili, 12 Oktoba

Brosi kaivaa.

Jana haikuwa juu ya kabati, nikadhani Mama Sesilia kaihifadhi. Leo nimeiona kwenye simu. Picha imepigwa studio kwake Masasi, pazia la maua nyuma, redio ya mbao mezani, yeye katikati na miwani YANGU usoni. Mawimbi meusi nayajua moja moja. Watu wanamsifia. Eti ametoka kama afisa wa zamani.

Brosi, mpiga picha za harusi. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kutambua fremu kwa bawaba. Mimi ndiye niliyemwambia suruali ya marinda haivaliwi na raba. Hata jina lake ni la kijiweni, Brosi, kama vijana wanavyoitana. Hajawahi kubeba dumu hata moja kupeleka Chilangala.

Ni wivu. Sitauita hasira.

Jumatatu, 13 Oktoba

Darasa la sita, maneno yenye maana zaidi ya moja. Kaa. Paa. Mbuzi. Nimemfokea mtoto aliyesema kaa la moto na kaa wa baharini, na alikuwa amepatia. Picha ya Brosi nimeitazama mara saba kabla ya saa nne.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sikwenda.

Madumu mawili ya Mama Sesilia nimefulia mashati yangu manne ya kola ndefu. Kwa ukame huu. Nimeyasuuza mara mbili. Nilijua ni vibaya, na nikaona raha. Mama Zuhura kauliza kama Mama Sesilia amehama. Nimesema anao watu wengine wa kumhudumia siku hizi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nilikuwa nimetoka shule tu, Brosi huyu hapa mlangoni. Katoka Masasi na pikipiki, mavumbi mpaka kwenye kope. Mkononi kitambaa, ndani yake miwani. Skrubu ya bawaba imeanguka. Skrubu za namna ile ninazo mimi peke yangu, kwenye kopo la filamu, na yeye anajua.

Nikaishika. Mwaka wa pili huu nilikuwa naiangalia kwa mbali. Nzito kuliko nilivyodhani. Kwenye mkono mmoja wa fremu kuna alama za meno, marehemu alikuwa akiitafuna anaposahihisha.

Nikatia skrubu, nikaanza kukaza. Plastiki ya umri ule haitaki nguvu. Nusu mzunguko wa ziada, inapasuka, na hapo ningesema imezeeka, pole sana. Asingejua. Nililifikiria jambo hilo kwa makini, bisibisi iko ndani.

Nikamuuliza, bila kuinua kichwa, Mama Sesilia alimpaje.

"Si mimi somo yake, mwalimu," akasema. "Baba Sesilia jina lake Ambrosi. Mzee wangu alisoma kwake, nilipozaliwa akanipa jina lake. Mama Sesilia alishasema tangu msibani miwani ni ya somo yake, ila kwanza moyo wake ukubali kukaa bila kuiona. Wiki mbili zilizopita ndipo akaniita."

Ambrosi. Brosi. Marehemu nilimwita Baba Sesilia mpaka kaburini, sikuwahi kuuliza jina lake. La huyu nililiona la kijiweni, nalo sikuuliza.

Somo, mtu uliyepewa jina lake. Neno hilo nalifundisha mwenyewe, maana zote mbili, mfano wake uko kwenye andalio langu la somo.

Nikachomoa bisibisi. Nikamwambia asiikaze tena.

Akatoa mfuko kwenye koti. Korosho za kukaanga. "Mama kakupa. Anasema Mwalimu Selemani lazima anaumwa, Jumamosi hakuonekana. Siku aliponipa miwani hakulia. Jana aliposema hujafika ndio akalia kidogo."

Mashati yangu manne yalikuwa kwenye misumari ukutani, nyuma yake, meupe.

Jumamosi, 25 Oktoba

Madumu matatu. Pikipiki iliyumba njia nzima.

Nimemwamkia, kaitika marahaba, kanishika mkono muda mrefu kuona kama una joto la homa. Kauliza kama nimepona. Nimesema nimepona. Nimemimina maji kwenye mtungi. Juu ya kabati, pale miwani ilipokuwa, kaweka kikombe cha chai, kimefunikwa kisahani. Cha kwangu. Kilikuwa kimepoa. Alikitenga asubuhi, hakujua nitafika saa ngapi.

Nimekinywa chote.

Wivu bado upo. Ile picha bado naifungua. Sijui utaisha lini.

Nimerudi nyumbani, nimelitoa daftari la mwaka jana. Kwa kalamu ileile nyekundu nimekata "lake", nimerudisha "yake". Pembeni ya sentensi ya Mama Sesilia nimeweka alama ya vema.