Picha Hewa za Kyambogo

Jumatatu, 4 Agosti

Hakuna mtoto Kampala hii asiyecheka mbele yangu. Hata aliye tumboni. Leo mama mjamzito kapita nje ya studio, mimi niko mlangoni na kamera, naapa mimba iligeuka kutafuta upande wake mzuri. Ndiye mimi, Idi wa Kibuli. Miaka kumi na tisa. Shule niliiacha kidato cha pili, kabla haijaniharibu.

Asubuhi walikuja watoto watatu wa mwenye duka la vitambaa. Bosi Livingi akawapanga ukutani, akapiga kelele, "Tabasamu!" Wakakauka kama watu wa pasipoti. Akaniita, kama kawaida. Nikatoa kadi ndani ya kamera, nikaanza kubonyeza. Hiyo ndiyo siri yangu: picha hewa. Kamera inalia kacha kacha, haihifadhi kitu. Mtoto anajikunja, anatoa meno yote, mpaka anachoka kuwa mtoto wa picha. Akishanisahau, narudisha kadi kimyakimya. Hapo kazi inaanza. Leo yule mdogo alivaa kiatu cha mama yake kichwani, amenuna kama waziri. Hiyo ndiyo picha.

Mama yao akamshukuru Livingi.

Alhamisi, 7 Agosti

Bango jipya juu ya paa la studio. Mtaa mzima wa Mengo unaliona. Rahma, mtoto wa dada yangu, anambusu mbuzi puani. Picha yangu! Nililala kifudifudi kwenye matope ya uani kwetu nikaipata, shati halijatakata hadi leo. Chini yake, kwa herufi za kumwonyesha kipofu: PICHA NA LIVINGI.

Nikamuuliza. Mbele ya wateja, makusudi. Akacheka. Akawaambia, "Huyu? Huyu hunibebea mkoba." Kisha akanigeukia na sauti ya upole, ile inayouma kupita matusi: "Idi, bambi, maskini, kijana wa kidato cha pili anatia sahihi wapi?"

Wakacheka wote. Mama mmoja alicheka mpaka akakohoa.

Sikujibu. Mimi! Mama yangu husema siku nikifa mdomo wangu utachimbiwa kaburi lake peke yake. Leo ulikauka.

Atanilipa. Wallahi atanilipa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefikiria siku nzima, hata kwenye hotuba ya Ijumaa. Mungu anisamehe.

Sukari kwenye tangi la pikipiki yake. Kitoto. Kumchorea bango masharubu. Masharubu yatamwota Rahma. Kumpiga. Ana mikono kama michi.

Dada kasema nimwachie Mungu. Mungu ana kazi nyingi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepata!

Kesho kuna kazi Kyambogo. Mama mmoja mhadhiri, ana pacha, kwa hiyo wote wanamwita Nnalongo. Anataka picha za nyumbani kwao, vizazi vitatu, watu walivyo, hakuna kupangwa. Livingi ana harusi Entebbe. Ananituma mimi. Kasema nijitambulishe kama "mkono wa Livingi".

Mkono! Sawa. Mkono utapiga picha hewa tangu mwanzo hadi mwisho. Mkoba kaupanga mwenyewe, kadi kaiweka ndani ya kamera kwa vidole vyake. Alipokwenda chooni nikaitoa, nikaizika ndani kabisa ya droo ya meza yake. Nnalongo atafuata picha, hakuna picha. Wahadhiri wanaongea na wahadhiri wenzao, na wahadhiri wakishaanza kuongea hawanyamazi. Jina la Livingi litanuka mpaka Jinja.

Na mimi? Mimi ni mbeba mkoba tu. Mbeba mkoba hafungui mkoba.

Nacheka peke yangu. Mama anauliza nimekula nini.

Jumapili, 10 Agosti

Kazi safi.

Pacha ni Waswa na Kato, wana miaka minne na wazimu wa kutosha mtaa. Wamenipanda kama mti. Nnalongo kavaa gauni la gomesi la kijani, mkali wa macho, mpole wa chai. Baba yake anakaa uani kwenye kiti. Mwanajeshi wa zamani. Akili imemtoka polepole, amemsahau kila mtu. Binti yake mwenyewe anamwita nesi. Pale nyumbani ni Kiganda na Kiingereza, mzee kabaki na Kiswahili cha kambini, kwa hiyo aliongea na mimi tu.

"Wewe kijana, nani natuma wewe hapa?"

"Livingi, afande."

"Huyo mimi hapana jua. Kaa. Kula."

Nikakaa. Nikala. Amri ni amri.

Kamera ya Livingi ikiwa haina kadi hukuonyesha picha nukta mbili tatu kwenye kioo, kisha inaifuta. Kwa hiyo watoto waliangalia, wakafurahi, hakuna aliyeshuku. Kacha kacha, mchana kutwa. Hewa tupu.

Kulitokea jambo moja na yule mzee. Sitaliandika. Limepita.

Jumatatu, 11 Agosti

Livingi kafungua kamera. Nimeuona uso wake na nitakwenda nao peponi.

"Kadi iko wapi?"

"Mkoba uliupanga wewe, bosi."

Akapekua mkoba. Akapekua koti la harusi. Akavuta droo, akaiona, akakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Hajui. Anadhani ni yeye! Nikanunua rolekisi ya mayai matatu, nikaila mbele yake yote, nikalamba vidole. Sijawahi kula chapati tamu namna ile.

Jumatano, 13 Agosti

Nnalongo kaja. Studio imejaa, mpaka yule mama wa kukohoa yupo. Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua.

Livingi akaanza kuimba kwamba kadi imeungua. Nikaingiza mdomo, mpole kama yeye siku ile: "Bosi, si kadi tuliikuta kwenye droo?"

Nnalongo akamgeukia: "Ssebo, umesahau kadi kwenye droo, jina lako hukusahau kuliweka juu ya paa?"

Wakacheka! Wale wale! Mama yule akakohoa tena. Livingi akatazama viatu vyake. Nilitaka siku isimame hapo hapo.

Haikusimama. Nnalongo akanigeukia. Hakunifokea. Akauliza kama labda ninayo kwenye simu yangu. Ile moja tu ya baba yake, nyingine hazitaki. Nikatikisa kichwa. Akatoka polepole, kama amebeba maji kichwani.

Ijumaa, 15 Agosti

Mengo nzima sasa wanamwita Livingi wa Droo. Hata bodaboda wanampigia kelele. Kapanda ngazi mwenyewe, kateremsha bango, kalitupa miguuni kwangu. "Chukua mbuzi wako." Nimeshinda.

Nimelileta nyumbani. Rahma kajiona mkubwa kuliko mlango, kakimbia akilia. Mama kafunikia nalo kuni.

Sina raha. Inaniudhi kukosa raha. Niliifanyia kazi.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda Kyambogo na kamera ya kuazima. Kadi ndani. Nimeigusa njia nzima.

Nilimwambia Nnalongo nimekuja kurudia, bure. Akanikaribisha chai. Kato akaleta gambuti zake za mvua, akamvisha mzee mikononi kama Jumapili ile. Mzee akazivua. Akazipanga chini, kisigino kwa kisigino. Akamwambia binti yake, "Nesi, chai." Akajibu, "Sawa, Baba." Nimepiga picha nyingi. Nzuri. Watoto wamecheka. Si yenyewe.

Sasa niandike.

Jumapili ile mzee alicheka na zile gambuti mikononi, kisha akaita, "Sajini! Kuja hapa!" Nnalongo alikuwa anamwaga chai. Birika likasimama hewani. Ni jina lake la utotoni, la kambini, kwa kuwa alikuwa anaamrisha watoto wote. Alikuwa hajaitwa hivyo miaka mingi. Akaja mbele ya baba yake na gomesi yake, miguu mitupu, akapiga saluti. Mzee akairudisha, gambuti ya njano kwenye paji la uso. Wote wawili machozi na meno.

Nikabonyeza. Ikatokea kwenye kioo. Sijapiga picha kama ile na sidhani nitapiga. Ikafutika.

Nnalongo akageuka. "Umeipata?"

Simu yake ilikuwa mezani, kando ya birika. Mzee alikuwa bado ameshika saluti, anangoja aambiwe ashushe. Muda wa kuipiga kwa simu ile ulikuwepo.

Nikasema nimeipata.