Mama Atapita Mlango wa Mbele

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Maji hakuna tena. Beseni la kuogea ni jeupe, refu, mtu mzima analala ndani na kunyoosha miguu. Ukifungua bomba lake linakohoa tu. Nimeweka humo vitabu vya kisomo. Nimeoga kwa ndoo.

Mkate wa asubuhi ulikuwa wa moto. Ukweli usemwe, mkate wa hoteli hii sijaupata popote. Na ziwa pia. Nikifungua dirisha ni mchanga, kisha maji, kisha mlima Hanang kwa mbali umejifunika wingu. Jana viboko walipanda wakala bustani yote ya maua. Meneja alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewatuma.

Miezi miwili sasa. Ofisi ya elimu ya wilaya imeniweka hapa, chumba namba nne, mpaka nyumba ya mwalimu kijijini iezekwe. Bati zinakuja, bati zinakuja. Mchana nasimamia madarasa ya watu wazima katika vijiji vipya. Jioni narudi kula samaki kwa uma na kisu. Siku ya kwanza nilimwona kama nyoka aliyewekwa kwenye sahani. Njaa ikanifundisha adabu. Sasa natafuna hadi kichwa.

Jumatano, 4 Septemba

Barua kutoka Mbulu. Mama anakuja! Mwalimu wa shule ya kwetu ndiye aliyemwandikia. Atafika Jumanne, akae siku chache, anitazame.

Mama hajawahi kulala mahali ninapoishi. Nimezungushwa Balangdalalu, nimezungushwa Nangwa, kila mara nilikuwa nalala kwa watu. Leo nina chumba changu na kitanda cha springi. Nimeruka kama mtoto.

Halafu nikakumbuka kwamba ni hapa.

Baba alibeba mawe ya msingi wa nyumba hii. Mlowezi mmoja mwenye mashamba ya ngano aliijenga ili Wazungu wenzake waje kuogelea na kunywa. Vijana wa kwetu walishushwa kutoka milimani kuja kubeba. Mama alikuwa akitembea siku mbili kumletea baba unga na maziwa. Hakuruhusiwa kuvuka lango la jikoni. Alikaa chini, nje, kutwa nzima. Yeye mwenyewe hajawahi kulisema hili. Shangazi alinisimulia tulipomzika baba, na tangu siku hiyo limenikaa kooni.

Basi naandika ili nisirudi nyuma. Mama atapita mlango wa mbele. Atakaa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, na mtu atamletea chakula. Liwalo na liwe.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemwambia Meneja. Kakohoa, kanionyesha ubao wa sheria ukumbini. Mimi ni mgeni wa hoteli. Mama ni mgeni wa mgeni. Wageni wa wageni wanapita nyuma, na wanaongea na mwenyeji wao kwenye benchi la jikoni. Tena chumba cha chakula hakiingiwi bila viatu.

Ubao ule ni wa enzi za mlowezi. Wameondoa picha ya Malkia, wamepachika ya Rais, ubao wameuacha palepale. Hata vumbi lake hawajafuta.

Nikamwambia, Ndugu Meneja, hoteli hii ni mali ya umma, na mama yangu ni umma. Hapendi kuitwa Ndugu. Anataka Bwana. Nitamwita Ndugu mpaka masikio yake yachoke.

Jumamosi, 7 Septemba

Barua chini ya mlango. Imepigwa chapa, ina mhuri! Tunalala ukuta kwa ukuta na ananiandikia barua. Eti nikivunja taratibu atamjulisha Afisa Elimu, na chumba nitakipoteza. Anajua kabisa kwamba bado sijathibitishwa kazini. Amenishika pabaya.

Nimeogopa. Naandika tu, nimeogopa. Miaka miwili nimengoja kuthibitishwa. Nimezunguka ziwani mara tatu, viatu mkononi, mchanga wa moto.

Kisha nikarudi nikajibu nyuma ya karatasi yake mwenyewe: Nimeisoma. Mama anakuja Jumanne.

Jumatatu, 9 Septemba

Maandalizi. Nimefua shuka mwenyewe, maana za hoteli zina madoa ya kutu. Nimeshona neti mahali ilipochanika. Nimepiga meza ya dirishani jicho, ile inayotazama maji. Ndiyo hiyohiyo.

Mpishi, Mzee Magesa, ni mtu wa Ukerewe, ana roho safi. Nilipomwambia habari za mama alifuta mikono kwanza, ndipo akanijibu. Nikamwomba apike kile anachompikia mgeni wa heshima kuliko wote. Akasema niache hilo kwake. Nimelala mchana vizuri, mara ya kwanza wiki hii.

Jumanne, 10 Septemba

Niandike kwa mpangilio.

Mama alishuka kwenye lori la ngano saa tisa. Shuka lake jekundu-kahawia, shanga shingoni, kibuyu cha maziwa mgongoni, miguu mitupu yenye vumbi la Hanang lote. Nikamshika mkono. Ngazi tano. Tukapita mlango wa mbele.

Meneja alikuwa amesimama ukumbini, tai shingoni. Mama alisimama pia, akangoja shikamoo yake. Mtu wa umri wa kumzaa! Yule bwana akasema, "Habari." Basi. Mama akamtazama kama anavyotazama ndama aliyezaliwa na kasoro, kwa huruma, akaendelea kutembea. Mzee Magesa ndiye aliyetoka jikoni mbio, akainama, akampa shikamoo kwa mikono miwili, ingawa nadhani wako sawa kwa umri. Nilitaka kumbusu.

Jioni tukaingia chumba cha chakula. Maofisa wanne wa mashamba ya ngano walikuwapo na bia zao. Wote wakatugeukia. Meneja akaja mezani, akainama sikioni kwangu, akasema viatu. Nikavua vyangu. Nikaviweka juu ya kiti cha pembeni, hapo mbele ya watu. Nikamwambia, sasa tuko sawa, Ndugu Meneja. Ofisa mmoja akacheka kwenye glasi yake. Meneja akaondoka.

Nilishinda! Kwa dakika tano nilikuwa nimeshinda.

Ndipo chakula kikaja. Mzee Magesa alikileta mwenyewe, amevaa koti jeupe lililonyooshwa. Samaki. Mzima, mkubwa, wa ziwa hili, kichwa na macho na mkia, amewekewa limau mdomoni. Huko kwao ndiyo heshima ya mwisho.

Ee Mungu wangu. Kwetu samaki haliwi. Mama hajawahi kumtia mdomoni, wala mama yake, wala bibi yake. Hata chungu kilichopikiwa samaki hakiguswi. Mimi najua hivyo tangu kunyonya. Nilikulia humo! Na nilisahau. Miezi miwili ya uma na kisu, nikasahau kama mtu aliyezaliwa juzi.

Mama hakupiga kelele. Alichukua kitambaa cheupe cha mapajani, akamfunika samaki taratibu, kuanzia kichwani. Akaniuliza kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, "Ndivyo unavyoishi?"

Nikasema twende chumbani. Akakataa. Alikwishakalishwa, hatainuka kama aliyefukuzwa. Akakaa wima bila kula, bila kunywa, mpaka ofisa wa mwisho alipotoka. Nami nikakaa naye. Sijawahi kuona aibu kama hii, na haikutoka kwa Meneja. Nimejitia mwenyewe.

Jumatano, 11 Septemba

Mama aliamka kabla yangu. Nikamtafuta chumba kizima. Nikasikia harufu ya moshi.

Alikuwa mbele ya hoteli, kwenye majani, kati ya ngazi na mchanga. Mafiga matatu. Moto unawaka vizuri. Mzee Magesa amemtolea sufuria mpya isiyowahi kuingia jikoni, bado ina karatasi ya dukani. Alimwomba mama radhi kwa mikono na kwa Kiswahili, na mama akamjibu kwa Kiiraqw, lugha yetu, wakaelewana vizuri kabisa. Ugali wa mtama. Maziwa ya kibuyu kutoka nyumbani.

Tulikula hapohapo, chini, tukitazama maji. Viboko wakipumua kule. Wafua nguo wakaja, mlinzi akaja, mama akawamegea. Akamwita hata ofisa mmoja aliyetoka kuvuta sigara. Alikuja! Kijana wa Singida. Alisema hajala ugali wa mtama tangu aondoke kwao.

Meneja alisimama juu ya ngazi anapiga kelele. Mama akamwonyesha mahali pa kukaa. Meneja akaingia ndani, akabamiza mlango.

Mama bado hanisemeshi sana. Lakini alinimegea kwanza mimi.

Alhamisi, 12 Septemba

Barua nyingine. Nitoke Jumamosi kabla ya saa sita. Nakala kwa Afisa Elimu. Imeandikwa kwamba nimegeuza hoteli ya umma kuwa kijiji.

Nimecheka mpaka machozi. Kijiji! Si ndiyo siasa yenyewe? Nchi nzima inahamishiwa vijijini, nami nimepata kosa la kuanzisha kimoja.

Baadaye sikucheka. Mlinzi ameleta ujumbe kwamba Afisa ananiita ofisini kwake Katesh kesho.

Ijumaa, 13 Septemba

Katesh na kurudi, vumbi hadi mapafuni. Afisa si mtu mbaya. Amechoka tu. Aliniambia niandike barua ya kuomba radhi kwa hoteli, mistari mitatu, kisha karatasi zangu za kuthibitishwa atazitia sahihi mwezi huu. Nisipoandika, zitasubiri. Hakusema mpaka lini.

Akanipa na kalamu.

Nikaandika mistari mitatu. Kwamba nilimkosea mama yangu kwa kumpa samaki, na yeye ndiye niliyemwomba radhi. Kwamba hoteli sikuikosea. Kwamba ubao wa sheria ukumbini ni wa mlowezi na ungefaa kuni.

Akaisoma. Akaikunja. Akasema, "Mwalimu, wewe ni mgumu." Nikasema ndiyo, shikamoo, nikatoka. Nikapanda lori.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumetoka saa nne, hatukungoja saa sita. Vitabu vya kisomo kutoka kwenye beseni, sanduku, kibuyu. Niliuvuta mkono wa mama kuelekea mlango wa mbele. Mama akauchomoa. Alitaka kwenda jikoni kumuaga Mzee Magesa. Nikamwacha aende, nikasimama peke yangu pale ukumbini na sanduku langu kama mjinga. Akakaa huko muda mrefu. Nilisikia kicheko chake.

Mkate nitaukumbuka.

Jumapili, 15 Septemba

Kijijini. Mwanafunzi wangu mmoja, mjane anayejifunza kuandika jina lake, ametupa chumba. Udongo, dirisha dogo. Mvua hakuna, upepo tu. Mama anaondoka kesho.

Mchana tulichambua maharage. Nikamweleza yote hatimaye. Lango la jikoni, shangazi alivyonisimulia, nilivyoapa. Kwamba nilitaka aingie mahali walipomzuia. Alinisikiliza, mikono haikusimama.

Akasema hakuwahi kutaka kuingia mle. Hata siku moja. Hakujua hata kuna nini ndani.

"Mimi nilikuwa nangoja baba yako atoke."

Nikamwuliza, alikuwa anatoka? Akasema ndiyo, kila jioni, na vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Walikula hapohapo nje ya lango, unga na maziwa aliyoleta. Baba alikuwa akiwaigiza wasimamizi wanavyotembea. Mama anasema walicheka mpaka watu wa jikoni wakatoka kutazama. Miaka yote hii nilimwona amekaa pale analia.

Nikaendelea kuchambua. Hata hivyo barua yangu kwa Afisa nimeiandika, na sijutii hata mstari mmoja.

Maharage yako motoni. Mama amejinyoosha kitandani kidogo, ameniachia nafasi upande wa ukuta.