Mashine Imemwita Kaka Yangu Mwizi

Bi Agnela, shikamoo. Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo hakutakuwa na cha kusaidia, na majina yetu naomba uyabadilishe. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nimezaliwa Kisongo na nimeolewa hapahapa na kijana wa Kilimanjaro, tumwite Lucky, ni fundi wa kompyuta, na ndiye aliyekitengenezea chama chetu cha wafugaji programu ya kuwatambua ng'ombe, yaani kila ng'ombe anavalishwa hereni yenye namba ya tarakimu kumi na saba, ukisogeza mashine sikioni inasoma, na kwenye simu linatokea jina la mwenye ng'ombe. Watu waliipenda mpaka wazee wakakubali ndama wasikatwe tena masikio kwa alama za ukoo, wakasema mambo ya kukatakata yamepitwa na wakati.

Sasa mwezi uliopita mtamba wa Mwalimu Efraimu akapotea. Mwalimu anakaa Olasiti, ng'ombe wake wanachungwa huku na mfanyakazi, mtamba wake hamjui kwa sura, anamjua kwa simu, kwa hiyo viongozi wakapita boma kwa boma na mashine wakafika kwa kaka yangu Yiamat, wakamsoma mtamba wake mwekundu, likatokea jina la Mwalimu. Yiamat akasema huyu amezaliwa hapa, mama yake yule pale. Mwenyekiti akaifuta hereni kwa kitambaa akaisoma kwa macho, sikioni namba inaishia kumi na tano, kwenye simu inaishia kumi na sita, na badala ya kuitilia shaka mashine akamwambia kaka yangu, "Umeikwangua hereni. Wewe ni mwizi, na tena mjanja." Lucky alikuwa amesimama palepale na simu mkononi, hakusema neno. Mimi nilikuwa nawamiminia chai.

Bi Agnela, siku ya kuvalisha hereni nilikuwepo joshoni. Yiamat alitangulia na mtamba wake, nikafuata mimi na ng'ombe aliyenipa baba siku ya sendofu yangu, nyuma yangu mfanyakazi wa Mwalimu, kwa hiyo namba zetu zilifuatana, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Lile jambo likanikaa moyoni, nikachukua mashine nyumbani nikamsoma ng'ombe wangu mwenyewe, likatokea jina la Mwalimu Efraimu. Nikamwita mume wangu, akaniambia kwanza funga mlango.

Akanieleza kwamba zile namba aliziweka kwenye programu kama namba za desimali, na namba ikiwa ndefu kiasi kile kompyuta inazishika vizuri tarakimu za mbele, mkiani inaisogeza kwa namba ya jirani inayoweza kuishika, ndiyo maana kumi na tano na kumi na saba zote zimegeuka kumi na sita, na ng'ombe wetu watatu kwenye programu wamekuwa mmoja, na jina lililobaki ni la aliyeandikwa mwisho. Alijua tangu siku ile pale bomani. Nikamwambia basi twende kwa mwenyekiti, akasema atarekebisha kimyakimya, wiki ijayo ameitwa na chama kingine cha Tengeru kuwaonyesha programu, na nikimtia aibu mbele ya wazee wa kwetu nibaki hukohuko kwetu. Na ng'ombe wangu, Lucky amekataza asitolewe zizini.

Jumamosi chama kinakaa. Yiamat atafukuzwa, mtamba atapewa Mwalimu, na wazazi wa Simaloi, mchumba wake, wameshatuma neno kwamba binti yao haendi kwa mwizi. Jana Yiamat kanipigia simu akaniuliza, "Dada, hivi inawezekana mtu akaiba na asijue?" Nikakata simu nikalia. Nikisema nabomoa ndoa yangu, nikinyamaza namzika kaka yangu akiwa hai. Nifanye nini?

Nashipae, Kisongo

Mwanangu Nashipae, marahaba. Pole nakupa moja tu, maana muda hatuna.

Mumeo kukosea si dhambi. Namba ya hereni haijumlishwi wala haigawanywi, ni jina la ng'ombe, na jina linaandikwa kama lilivyo mpaka herufi ya mwisho. Yeye akaiweka kama lita za maziwa, ambazo ukizikadiria kidogo hakuna anayeumia. Ni kosa la kazi, na mafundi wengine wengi wameshalifanya. Lakini kusimama na simu mkononi huku shemeji yake anaitwa mwizi kwa kosa analolijua yeye peke yake, hapo hakuna kompyuta ya kusingizia. Huo ni woga.

Na hiyo habari ya kurekebisha kimyakimya ni uongo. Nimemuuliza mtu wa kazi hizohizo, akaniambia tarakimu ikishapotea humo ndani hairudi. Ni lazima hereni za ng'ombe wote zisomwe upya, boma kwa boma, na safari hii zihifadhiwe kama maandishi. Utasomaje masikio ya Kisongo nzima pasipo watu kuuliza kuna nini? Mumeo analijua hilo. Anasubiri Jumamosi ipite.

Na wewe usijifiche nyuma ya mume. Kaka yako ameanza kujitilia shaka akili yake mwenyewe, na wewe mwenye jibu unamkatia simu. Mpigie leo, kabla hujapika. Mwambie hukuiba, nimeona kwa macho yangu, na sababu ni hii.

Kisha nenda kwa wasimamizi wenu wa ndoa, mke na mume, muwaeleze pamoja na Lucky akiwepo. Apewe mpaka Alhamisi aende mwenyewe kwa mwenyekiti. Akienda, mfuate, kaa karibu naye, maana kukiri mbele ya wazee ni kugumu na atahitaji mtu. Akikutisha kwa habari ya kurudi kwenu, usibishane naye, waachie wasimamizi. Ndoa isiyovumilia ukweli mmoja inahitaji wazee kuliko inavyohitaji ukimya wako. Mwalimu Efraimu naye aambiwe mapema kwamba mtamba wake bado hajaonekana. Wakati mnamsumbua Yiamat, hakuna anayemtafuta.

Alhamisi ikipita kimya, Jumamosi asubuhi mtoe ng'ombe wako zizini. Ni wako, alikupa baba yako mbele ya wazee walewale watakaokaa kuhukumu, na hakuna hata mmoja atakayethubutu kusema umemwiba. Wewe ni mwanachama kama wao, usikubali kurudishwa jikoni. Usijaribu kuwafundisha desimali. Mwombe mwenyekiti aisome hereni kwa macho, kwa sauti, kisha mashine isome. Likitokea jina la Mwalimu Efraimu, waulize kama na mke wa fundi naye ni mwizi.

Halafu mgeukie mumeo, umpe nafasi ya kusema. Akinyamaza, sema wewe.