Ukuta Tulioupaka Rangi

Dada Zaina,

Natumaini huko uliko ni pakavu. Huku mvua imeanza, na ukuta wa nyuma wa chumba chako umelowa tena hadi kimo cha kitanda. Asha, binti yako, alibaki humo na mtoto wake mchanga. Mtoto wamempa jina lako. Amechukua macho yako, na tangu wiki iliyopita amechukua na kikohozi chako.

Baada ya arobaini yako, ofisi inayotupangisha ilitutangazia kwamba itakuja kukagua vyumba na kutuuliza kama tunaridhika. Miaka yote uliyosimama kwenye madirisha yao hawakuja. Umekufa, wanakuja.

Lakini unawajua watu wa Buyenzi mgeni anapotangazwa. Uani palikuwa kama mkesha wa Idi. Matope yalizolewa. Baba Shabani, fundi wetu wa magari, alileta rangi nyeupe iliyobaki gereji, akaupaka ukuta wako wenye ukungu, na kitenge kipya cha Asha kikatundikwa juu ya ufa. Nikamwambia, huo ufa ndio wanaokuja kuuona. Akanicheka.

"Mwalimu, we utapokea mugeni mu nyumba chafu? Kwenu Uvira ndiyo munafanyaka hivyo?"

Nikarudia. Nikapewa ufagio.

Wewe ungewazuia. Nakuona pale bombani, mkono kiunoni, ukiwasema watu wa ofisi: "Mi siwezi kupikia chai mutu wa biro. Akanyage matope kwanza."

Walikuja wawili, wapole. Wakanywa chai, wakala mandazi. Walipouliza kama tunaridhika, kila mlango ulijibu, "Tunashukuru." Yule mama aliyewaongoza alisimama chumbani kwako, akatazama weupe ule, akasema tunatunza nyumba kuliko mitaa mingine. Alisema kwa moyo mweupe, nadhani. Kisha jibu likaja: mafundi wanapelekwa kwanza kule wapangaji wanakolalamika. Sisi tusubiri.

Mvua ya kwanza iliibandua rangi yote. Asha akaenda ofisini na mtoto mgongoni. Wakamwonyesha picha ya ukuta wake, mweupe, na kitenge kizuri.

Usiwakasirikie majirani. Baba Shabani hapiti tena mbele ya mlango wako. Anazunguka nyuma ya choo. Adabu ndiyo kitu tulichokuwa tumebaki nacho, dada, na siku ile tuliitoa yote.

Jana tumehama. Asha na mtoto sasa wanalala chumbani kwangu, upande wa barabara, ambako jua linafika. Mimi niko kwako. Vitabu nimevipandisha juu ya kabati, nguo nimezifunga kwenye nailoni. Ofisi inakataza wapangaji kubadilishana vyumba. Wakijua, huenda wakatutoa sote. Nimehamishwa mara nyingi maishani, na kila mara kuna mtu aliyenisukuma. Safari hii nimevuka ua tu, na hakuna aliyenituma. Lakini kifua changu pia kimezeeka. Najua ninapolala.

Kwa heri, Zaina. Mjukuu wako hatarudi kulala humu, hilo nakuahidi, hata waje na amri. Na wakija kunitoa, sitabishana nao mlangoni. Nitawakaribisha ndani, niwaketishe kwenye kitanda hiki, migongo yao ukutani, na tuzungumze taratibu mpaka mashati yao yalowe.

Jirani yako,
Mwalimu